Nani Atamwimbia Bibi Ikupa

Bibi Ikupa alifariki alfajiri ya Alhamisi, kitandani kwake hapo Ilomba, bila kumsumbua mtu, na jua lilipopanda nyumba ilikuwa imeshajaa. Wanawake walitoa makochi nje wakatandika mikeka sebuleni. Wanaume waliazima turubai na viti, wakaanza kubishana kuhusu kaburi, maana ndugu wa Tukuyu walitaka mama apelekwe kwao, na marehemu mwenyewe alishasema azikwe hapahapa karibu na mumewe. Hilo likaisha. Mchele ukapatikana, maharage yakapatikana, kuni zikaletwa. Lilibaki moja tu, nalo lilimkaa mkwe wake kooni tangu alipomfumba mama mkwe macho.

Nani ataimba?

Mgeni anaweza kuliona jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Huku kwetu watu wakitoka msibani husahau walikula nini, husahau mhubiri alisema nini, lakini hawasahau kama kwaya ilikuja. Nyumba yenye mwanakwaya haina wasiwasi. Kwaya nzima inakuja na sare, inaimba nyumbani, inaimba njiani, inaimba mpaka kaburi linafukiwa. Ni haki ya mwanakwaya, yeye na kila alalaye chini ya paa lake. Haki hiyo hainunuliwi. Inalipwa kwa miguu tu: wenzako wakifiwa, unakwenda.

Atuganile, huyo mkwe, alikuwa mwanakwaya, na alikuwa ameacha kwenda.

Aliacha tangu alipoajiriwa na kampuni ya opera ya Mwalimu Bartholomeo, mtu wa Iringa aliyesomea uimbaji Ulaya akarudi na ndoto zake. Opera, kwa asiyeijua, na Ilomba nzima ilikuwa haiijui, ni igizo ambalo hakuna mtu anayesema neno la kawaida. Wanachumbiana kwa kuimba, wanatukanana kwa kuimba, hata aliyechomwa kisu haanguki mpaka amalize wimbo wake, tena anaimba kirefu kuliko wazima. Mbele wanasimama wakubwa wachache ambao majina yao yako kwenye mabango. Nyuma yao linasimama kundi lisilo na majina: leo ni wanakijiji, kesho ni wafungwa, keshokutwa ni wageni wa harusi. Atuganile alikuwa wa nyuma, safu ya mwisho, sauti ya pili.

Sauti ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo, ile ambayo kila mtu anaiimba akiwa anaosha vyombo. Ya pili inatembea chini yake na kuijaza. Atuganile aliwekwa sauti ya pili akiwa mtoto wa Shule ya Jumapili na hakuwahi kuhama. Alikuwa hodari kwenye nafasi yake, na Mwalimu Bartholomeo alipopita makanisani akitafuta waimbaji, alimsikia akamchukua. Mshahara kila mwezi, kwa kuimba! Ezron mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, alitangaza habari hiyo kwa kila aliyekuja kuagiza geti, na kwa ndugu wote mpaka Igawa. Atuganile naye hakumkataza. Kusema kweli alivimba kichwa. Alianza kusema "sisi tunaolipwa" mbele ya wenzake wa kwaya, akicheka kidogo, kana kwamba ni utani.

Sasa alikuwa amejificha nyuma ya choo na simu mkononi, hajui ampigie nani.

Ezron alimkuta huko. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Tumpe, kwaya umewaambia?"

"Nitawaambia."

"Lini? Baba mkubwa ameshauliza mara mbili. Anataka ajue watakuja saa ngapi, awapangie viti."

"Nimesema nitawaambia, baba. Niache nipumue."

Ezron alimwangalia, akadhani ni uchungu wa msiba, akamshika bega akaondoka. Lile bega likamuuma mkewe kuliko kama angempiga.

*

Mzee Filemoni, mwenyekiti wa kwaya ya usharika, alikuwa na duka la mbegu na mbolea. Alitoka nje ya kaunta kumpokea, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, asiuachie.

"Pole sana, mama. Bibi alikuwa mtu. Kila Jumapili alikuwa ananiuliza, 'We Filemoni, sauti umeiacha nyumbani?'" Akacheka kidogo, akajifuta jicho. "Mazishi lini?"

"Jumamosi, mzee. Saa nane. Nimekuja kuwaomba."

Filemoni aliuachia mkono. Akasogeza kiroba cha mbegu za mahindi ambacho hakikuwa kimemkwaza mtu, akakirudisha palepale.

"Mama Tumpe, wewe utaratibu unaujua. Uliupigia kura mwenyewe. Asiyeenda kwa wenzake misiba mitatu bila taarifa, kwaya haimwendei na sare."

"Najua, mzee."

"Ya kwetu ilikuwa zaidi ya mitatu. Mimi nilifiwa na kaka. Sikukuona. Nikasema mama ana kazi, tumvumilie. Lakini huyu mwenzako..." Akatikisa kichwa. "Mlisimama bega kwa bega miaka yote, yeye ya kwanza, wewe ya pili. Ukishikwa na homa yeye ndiye anakuletea uji. Anazika mtoto, wewe hupo. Hata kupiga simu?"

Atuganile aliangalia viatu vyake. Rozalia, huyo mwenzake, alikuwa ameolewa muda mrefu bila kupata mtoto. Alipokuja kumpata, mtoto hakukaa. Atuganile aliambiwa habari hiyo akiwa Iringa, ukumbini, amevaa tayari. Alijisemea moyoni kwamba ni kichanga tu, atakwenda kumpa pole akirudi. Aliporudi aliona haya kwa kuchelewa. Siku zikaongezeka, haya nayo ikaongezeka, mpaka akawa anabadili njia asipite dukani kwa mume wa Rozalia.

"Siku ile mlikuwa wapi?" Filemoni aliuliza, bila ukali.

"Iringa."

"Mnafanya nini?"

Angeweza kusema tulikuwa na onyesho. Lakini mzee alikuwa anamtazama usoni, na uongo haukuja.

"Tulikuwa tunaomboleza, mzee. Kwenye igizo. Binti wa mfalme anakufa, sisi wanawake wa nyuma tunamlilia."

Mteja aliingia akaulizia dawa ya viwavi, mzee akamhudumia taratibu, akamrudishia chenji, akamsindikiza mpaka mlangoni. Ndipo akarudi.

"Tutakuja," alisema. "Wote. Kama majirani. Sare hatutavaa na hatutaimba kama kwaya. Zaidi ya hapo, mama, mimi siwezi, wataniuliza."

*

Alimpigia Mwalimu Bartholomeo akiwa njiani, amesimama kando ya mtaro.

"Oo, pole sana dada Atuganile," alisema Mwalimu kwa sauti yake nzuri ya kifuani. "Ruhusa umepata, usiwe na wasiwasi kabisa."

"Ahsante, Mwalimu. Nilikuwa naomba na jambo jingine. Wenzangu waje waniimbie. Wimbo mmoja tu."

"Jumamosi si tuko Iringa, dada?"

"Basi hata Ijumaa, mkishapakia, mpitie nyumbani. Ni njiani."

Mwalimu alishusha pumzi. "Unajua, kundi haliimbi nje hovyo hovyo. Nimeshawaeleza. Moshi wa kuni, vumbi la makaburini, halafu kesho yake mtu hana sauti na ukumbi umejaa watu waliolipa. Tutakuletea rambirambi. Kwani kanisani kwenu hakuna kwaya?"

"Ipo, Mwalimu."

"Basi, si unaona."

Alikata simu na kukaa pale kando ya mtaro kwa muda, kitenge chake kimegusa matope. Aliyekuwa akijiita "tunaolipwa" hakuwa na mtu wa kumwimbia bure.

*

Ijumaa asubuhi wanaume walikuwa chini ya turubai wanakunywa chai. Baba mkubwa Sedekia, kaka wa marehemu baba yake Ezron, alikuwa amekaa kiti cha mbele na fimbo yake kati ya magoti. Alifunga mashine yake ya kukobolea mpunga kule Igawa ili aje kumzika shemeji yake, na alitaka azikwe kwa heshima. Basi ndogo nyeupe ilipopunguza mwendo barabarani, ikiwa na jina la kampuni ya opera ubavuni, yeye ndiye aliyeiona kwanza.

"Ezron! Wamekuja! Waimbaji wa mkeo hao!"

Watu wakainuka. Wanawake wakatoka jikoni wakijifuta mikono. Ezron alikimbilia barabarani, uso wake umefunguka kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe. "Karibuni, karibuni jamani. Ahsanteni sana." Sedekia mwenyewe akaanza kuvuta viti.

Akashuka mtu mmoja tu, Jofrey, mtunza mavazi wa kampuni. Ndani ya basi waimbaji wengine walikaa wakiangalia simu zao. Wawili watatu wakapunga mkono kwa huruma. Jofrey alimpa Ezron pole, akampa bahasha ya rambirambi, kisha akamsogelea Atuganile na kunong'ona, lakini hakujua kunong'ona, maana alikuwa mtu wa kuita watu kutoka nyuma ya jukwaa.

"Dada pole. Naomba lile gauni la msiba. Ulilichukua kulipinda. Anjela ndo atalivaa kesho, tunawahi Iringa."

Kila mtu alisikia. Atuganile alipita katikati ya waombolezaji, akaingia chumbani, akalitoa lile gauni jeusi kwenye msumari, refu, la kumetameta shingoni, akarudi nalo mkononi akipita palepale. Jofrey alilikung'uta, akatazama pindo, akaridhika. Basi likaondoka.

"Sasa wanakwenda wapi?" Sedekia aliuliza, mkono bado uko kwenye kiti.

Watu wote walimgeukia Atuganile. Alimwona mumewe ameshika bahasha, anasubiri kama wengine. Hapo angesema kweli, yangekwisha. Aibu ya siku moja ingetosha.

"Wanawafuata wenzao," alisema. "Kesho watakuja. Wote."

"Ndaga," alishukuru Sedekia kwa Kinyakyusa, akakaa. "Hapo sawa. Shemeji yangu ataimbiwa na watu wa maana."

Na habari ikaenda mtaa mzima.

*

Jumamosi ibada ya nyumbani ilicheleweshwa kwa ajili ya waimbaji. Ikacheleweshwa tena. Mwinjilisti Saulo aliangalia wingu, akaangalia saa, akamwangalia Ezron. Ezron alikuwa anakwenda barabarani na kurudi, anakwenda na kurudi. Wanakwaya walikuwa wamekaa pamoja pembeni mwa turubai, wamevaa nguo zao za kawaida, mikono mapajani. Rozalia alikuwa miongoni mwao, amejifunga kitenge cha kijani, amekonda. Hakumwangalia Atuganile, wala hakumkwepa.

Mwishowe jeneza likabebwa. Walikwenda makaburini kimya, na kimya hicho kilisikika. Watu wa madukani walitoka kutazama msiba usio na wimbo unavyopita, wakanong'onezana.

Kaburini, kamba zikiwa zimeshapitishwa, Saulo alifungua kitabu chake akaanza kutaja wimbo. Sedekia akainua fimbo.

"Mwinjilisti, samahani. Sisi tumesimuliwa miaka yote kwamba mkwe wetu ni mwimbaji wa kulipwa. Wenzake hawajatokea, sawa, barabara ina mambo. Yeye yupo. Atuanzishie."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anajaribu kuokoa heshima iliyobaki. Saulo akakubali, akataja wimbo wa kushushia jeneza, ule ambao hakuna mtu wa kanisa asiyeujua, na wote wakageuka kumtazama Atuganile. Ezron alimwashiria kwa kichwa: imba, mke wangu.

Alifungua mdomo, akaanza.

Kilichotoka ni sauti ya pili.

Hakukusudia. Wimbo huo aliuimba tangu utoto, mamia ya mazishi, na mara zote kuna mtu kushoto kwake aliyekuwa anabeba wimbo wenyewe. Yeye aliujua ubavu wake tu. Alipoutafuta ule wa juu, ulikuwepo masikioni, lakini koo likakataa, likashuka kwenye njia yake ya siku zote. Watu waliotaka kuitikia wakaanza, wakagongana naye, wakanyamaza. Wengine walidhani ni wimbo mwingine. Mama mmoja alijaribu kumfuata, akapotea, akaficha mdomo kwa khanga. Watoto wakacheka. Wanaume walioshika kamba walisimama, jeneza likiwa limening'inia nusu, hawajui washushe au wangoje.

Kwenye kampuni walifundishwa kwamba mtu wa nyuma hanyamazi, hata paa lianguke. Basi hakunyamaza. Aliendelea peke yake, maneno sahihi, wimbo usiotambulika, machozi yanamwingia mdomoni. Aliona haya mpaka akatamani shimo lile liwe lake. Alimsikia Sedekia akimuuliza jirani yake, bila kushusha sauti, "Ndiyo wanaolipwa hivi?" Alimwona Ezron ameinamisha kichwa.

Ubeti wa pili ulipofika, sauti ya kwanza iliingia.

Ilikuwa nyembamba na imechakaa kidogo, lakini iliingia pale inapotakiwa, ikaubeba wimbo, na hapohapo kila mtu akajua walikuwa wanaimba nini. Atuganile hakuhitaji kugeuka. Alisimama na sauti hiyo miaka yote. Rozalia alikuwa amesogea mbele mpaka ukingoni mwa kaburi, macho yake yako kwenye jeneza, anaimba. Mzee Filemoni akakohoa, akaingia na besi. Halafu wote, bila sare, bila kuambiwa, na watu wa mtaa wote nyuma yao. Kamba zikalegezwa. Bibi Ikupa akashuka.

*

Nyumbani, watu walipokuwa wanakula, Sedekia alimsogelea mkwe wake.

"Mwanangu, kumbe ulikuwa unaimba nusu."

"Ndiyo, baba."

"Na hao wenzako hawakuwa wanakuja."

"Hawakuwa wanakuja, baba."

Mzee alitikisa kichwa akaenda kunawa mikono. Ezron, aliyekuwa amesikia, alisubiri mpaka baba yake mkubwa afike mbali.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningekwenda mwenyewe kuwapigia magoti. Alikuwa mama yangu." Hakupandisha sauti. Akaenda kurudisha viti vya watu.

Atuganile alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye mabeseni, ambako wanawake wa kwaya walikuwa wanaosha masahani. Walimpisha nafasi. Rozalia alikuwa kwenye beseni la kusuuzia. Atuganile alichuchumaa mbele yake, akatia mikono kwenye maji yaleyale.

"Rozalia," alisema. "Nimekuja kukuomba msamaha."

Rozalia alisuuza sahani, akaikung'uta, akaiweka juu ya nyingine.

"Sikukuimbia wewe. Nilimwimbia Bibi. Alikuja kwangu siku ile niliyozika, na fimbo yake, akakaa mpaka jioni."

Atuganile hakujua hilo. Mama mkwe hakuwahi kumwambia. "Nakuomba hata hivyo," alisema. "Nilikukosea sana, Rozalia. Najionea haya."

"Mimi siku hizi siitwi Rozalia."

Mikono ya wanawake wengine ilitulia kwenye maji. Atuganile alielewa mara moja, na kuelewa huko kukampanda kama homa. Mwanamke akizaa, anaitwa kwa mtoto wake. Wenzake walikuwa wameendelea kumwita hivyo hata baada ya kumzika, ili mtoto asipotee kabisa. Mtaa mzima ulikuwa unamwita hivyo. Na yeye, aliyesimama naye bega kwa bega tangu usichana, hakuwahi kuuliza mtoto alikuwa wa kiume au wa kike.

"Haya," alisema Rozalia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri kweli, kama mtu aliyetamani ajibiwe. "Niite."

"Mama..." alisema Atuganile.

Alitafuta. Alitafuta kwenye maneno ya Mzee Filemoni, kwenye ile simu aliyopigiwa Iringa, kwenye maongezi aliyoyasikia kwa mbali akiwa anabadili njia. Hakukuwa na kitu. Tone la maji lilimshuka kwenye kiwiko.

"Sifaeli," alisema Rozalia alipochoka kungoja. "Alibatizwa hospitali." Akainuka, akabeba rundo la masahani kifuani, akaanza kuelekea jikoni.

"Mama Sifaeli!" Atuganile aliita.

Rozalia alisimama, akageuka. "Abee," aliitika, kama anavyoitika mtu yeyote aliyeitwa kwa jina lake, akamtazama, akingoja aambiwe alichoitiwa.

Atuganile alikuwa ametaka kuliita jina tu.